Barua ya wazi: Tumeandikwa, tumeandikishwa au tumesajiliwa?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria. Kabidhi Wasii Mkuu. Baraza la Kiswahili la Taifa. Na wakuu wote wa ofisi zinazoandika majina ya watu.

Nakala: Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe.

YAH: MANENO YENU YA USAJILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mniwie radhi kwa mwanzo huo wa kiofisi. Barua nimewaandikia watu wengi mno, na hakuna aliyewahi kukubali nianze vingine, hata yule aliyekuwa anaomba kuazima turubai la shule kwa ajili ya msiba.

Nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya. Kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, printa inayokohoa kila asubuhi mpaka ipate joto, na benchi la mbao za Mafinga ambalo wateja wamelikalia hadi limeng'aa. Kibao cha nje kinasema kopi, kuchapa, lamineshen. Kinachonilisha hasa ni kujaza fomu. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, mkopo wa chuo, jina la biashara, mbolea ya ruzuku, yote hupita mezani pangu kabla hayajafika kwenu. Ninyi mnaipokea fomu ikiwa imenyooka. Mimi namkuta mwenyewe bado anatafuta miwani.

Juni hii, siku ambayo ukungu uligoma kuondoka mpaka saa nne, alikuja mama mmoja kutoka upande wa Isongole. Akafungua fundo la kanga, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya nailoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa imeshakatika, naye ameiunga kwa plasta ya kidonda.

"Ndaga, dada. Nitolee cheti cha mtoto. Alishasajiliwa siku nyingi, karatasi yake hii."

Nikaitandaza juu ya meza taratibu kama mtu anayefunua jani la mgomba lililobanikwa. Lilikuwa tangazo la kizazi, la 2011. Wino wa jina la baba umeshaliwa, tarehe bado inasomeka. Mtoto mwenyewe yuko sekondari na mwalimu anadai cheti.

Ninyi mnajua, ila naliandika kwa ajili ya wengine watakaosoma: tangazo la kizazi si cheti. Ni taarifa ya kituo cha afya kwamba mtoto kazaliwa hapo. Mzazi ndiye aliyetakiwa kuipeleka kwa msajili, kizazi kiingizwe kwenye rejista ya Serikali, kisha kitolewe cheti, ambacho kwa asili yake ni nakala ya kile kilichoingizwa. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, ambayo chimbuko lake ni 1920, inampa mzazi miezi mitatu. Ikipita, unaingia mlango wa waliochelewa, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo vielelezo vinavyodaiwa vinavyoongezeka.

Nilipomweleza, hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayesikia kwamba nyumba aliyolala miaka yote ni ya jirani. Akasema, "Lakini nesi aliniambia, mama, tumeshamwandikisha mtoto wako. Nilimwona kwa macho yangu anaandika."

Na nesi hakusema uongo. Aliandika kweli, kwenye kitabu cha MTUHA cha wodi ya wazazi, ambacho kazi yake ni takwimu za afya: wamezaliwa wangapi, uzito gani, mama yuko salama. Mtoto akaandikwa. Mama akasikia ameandikishwa. Akaenda nyumbani akijua amesajiliwa. Maneno matatu, na kila moja lina mlango wake.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mwaka 2013 Mbeya ndiyo iliyotangulia mikoa mingine katika mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano. Vyeti vilitolewa bure, palepale kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji kata, na taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi. Ulikuwa mpango mzuri, na hilo nalisema bila kuwapaka mafuta. Mtoto wa mama huyu alikuwa na miaka miwili. Ofisi ya kata ilikuwa hatua chache kutoka shambani kwake kwenye viazi. Tangazo lilipopita kwamba wenye watoto ambao hawajaandikishwa waje, yeye aliendelea kupalilia. Wa kwake si alishaandikishwa? Neno moja lilimzuia kwenda kuchukua bure kile anachokisaka leo kwa nauli, viapo na siku za kazi zilizopotea.

Kwa hiyo barua hii haihusu uzembe wa mtu fulani. Inahusu lugha mnayotutolea kazi.

Mimi si mtaalamu wa lugha, lakini anayechapa maneno ya watu kutwa nzima huanza kuyasikiliza. Kuandika, kwa wazee, hakukuwa kalamu tu. Kulikuwa pia kupanga vitu mahali pake, ndiyo maana mpaka leo tunaandika meza kabla ya kula. Mtu akipata ajira tunasema kaandikwa kazi. Kwa hiyo neno lenyewe lina uzito: ukimwambia mkulima "umeandikwa", anaelewa amepangiwa nafasi yake, ameshaingia. Kuandikisha ni kumfanya mwingine akuandike. Hapo mwenye kazi ya kufuatilia ni wewe. Kusajili kumetoka kwenye Kiarabu, na ndugu yake yuko maofisini mwenu: masijala, pale mafaili yanapolala. Kusajili maana yake ni kuingiza kwenye kumbukumbu ya kudumu yenye nguvu ya kisheria, yenye namba, yenye mtunzaji anayewajibika. Kuorodhesha ni kupanga majina kwenye karatasi, basi. Orodha ya wachangia mahari nayo ni orodha.

Kiswahili kwa hiyo hakina upungufu. Kina ngazi zote. Ila kwenye fomu, vipeperushi na gari la matangazo linalopita na kipaza sauti, mnaokota lolote lililo karibu. Asubuhi ni "zoezi la kuandikisha", mchana "zoezi la usajili", jioni kwenye redio ni "kujiorodhesha". Kwenu ni kuepuka kurudiarudia neno, kama tulivyofundishwa kwenye insha. Kwa sheria si mapambo. Neno likibadilika, mtu wa sheria huuliza kama na jambo limebadilika.

Na sasa hakuna kisingizio cha kwamba maana halisi iko kwenye Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Nilifurahi siku ile, nikamwambia kijana wangu wa dukani kwamba fomu zitaanza kusomeka. Bado nangoja.

Mbolea. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa hapahapa kwetu, viwanja vya John Mwakangale, Nane Nane ya 2022. Mkulima alitakiwa asajiliwe, apate namba, aende nayo kwa wakala. Msimu wa kwanza watu walipanga foleni kwa mtendaji wa kijiji, majina yakaandikwa kwenye daftari. Kuandikwa kwenye daftari la kijiji ni jambo moja. Kuingizwa kwenye mfumo ni jingine. Kutumiwa namba kwenye simu ni la tatu. Wengi waliishia la kwanza wakijua wamemaliza yote. Walipofika kwa wakala wakaambiwa jina halipo kwenye mfumo, wakanijia mimi wakiwa na hasira kana kwamba mfumo ninaulaza dukani.

Halafu likaja neno kuhuisha. "Wakulima wote mnatakiwa kuhuisha taarifa zenu." Jamani. Kuhuisha ni kutia uhai. Mzee mmoja wa Ifunda, aliyekuja Mbeya kumwona bintiye, alikaa kwenye benchi langu akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Kamwene, mwanangu. Hizi taarifa zangu zilikufa lini?" Tukacheka wote dukani. Lakini hakuwa anatania sana. Alikuwa amesajiliwa msimu uliopita na hakuona sababu ya kwenda tena, maana mtu hasajiliwi mara mbili. Angeambiwa "njoo useme mwaka huu unalima ekari ngapi na zao gani, la sivyo hutapata mbolea", angekwenda siku hiyohiyo. Mtaalamu aliyechagua kuhuisha alikuwa sahihi kwenye kamusi, na mzee akabaki bila mbolea ya kupandia.

Uchaguzi nitaupitia haraka, maana ukitaja uchaguzi watu huacha kukusikiliza wanaanza kukupima. Oktoba 2024, tarehe 11 hadi 20, tuliitwa kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Ile ilikuwa orodha ya wapiga kura ya kitongoji au mtaa, chini ya TAMISEMI, ya uchaguzi ule wa Novemba 27 peke yake. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi nayo ilikuwa na kazi yake tofauti, kuboresha Daftari la Kudumu, ambako mtu hupewa kadi. Zote mbili mtaani ziliitwa kujiandikisha. Wateja walinionyesha vidole vyao kana kwamba viliandikwa kitu, wakisema "mimi tayari". Tayari wapi? Orodha si daftari, na daftari si orodha. Haya majina mawili yametofautishwa vizuri sana kwenye karatasi zenu, ila kitendo cha kuingia humo mmekipa jina moja.

Vijana wa chuo ndio wanaonikosesha usingizi.

Kuna kijana wa Kyela, mpole, kwao wanalima mpunga. Aliomba vyuo akiwa mezani pangu, majibu yalipotoka akawa amechaguliwa na vyuo viwili. Nyumbani wakachinja kuku, mchungaji akamtaja kanisani. Ujumbe uliokuja kwenye simu ulisema athibitishe udahili, na ndani yake kulikuwa na namba ya siri. Yeye akaelewa chuo kinamthibitishia yeye. Kwa masikio ya kawaida ndiyo maana yake: mkubwa ndiye anayethibitisha, mdogo anashukuru. Kumbe aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja ndiye anayetakiwa kuchagua kimoja na kuthibitisha, ndani ya siku zilizotajwa. Alirudi kwangu amebeba begi, amevaa shati jipya lenye alama za pasi, anataka nimchapishie barua ya kujiunga. Dirisha la kuthibitisha lilikuwa limefungwa.

Nilikaa naye mpaka jioni. Nikamchorea nyuma ya karatasi iliyoharibika: kuomba, kuchaguliwa, kudahiliwa, kuthibitisha udahili, kuripoti, kusajiliwa. Ngazi sita. Mwanafunzi wa chuo kisheria ni yule wa ngazi ya mwisho, aliyelipa kilichotakiwa, akaonyesha vyeti halisi, akapewa namba ya usajili. Kabla ya hapo ni mgeni aliyekaribishwa. Hata mkopo unamfuata aliyesajiliwa, haumfuati aliyechaguliwa. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, akauliza, "Mama, mbona hivi havikuandikwa kwenye ule ujumbe?" Mwaka ule alirudi Kyela akalima mpunga na baba yake. Mwaka uliofuata aliomba tena, na namba ya siri alikuja nayo mbio hata kabla sijafungua duka.

Hapo mtaniambia maneno udahili na usajili yanajulikana, yamo kwenye miongozo. Yamo. Mwongozo wenyewe una kurasa nyingi, na kijana ana simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku moja.

Sasa niseme langu mwenyewe, maana isionekane nawasemea wengine tu. Mimi ni Mkinga, nilizaliwa Makete 1984. Cheti changu kinasema Wilaya ya Makete, Mkoa wa Iringa, na kinasema kweli, kwa sababu wakati ule Makete ilikuwa Iringa. Mkoa wa Njombe ulizaliwa 2012. Miaka michache iliyopita nilikuwa najaza maombi fulani kwenye mtandao wa ofisi ambayo sitaitaja. Nikabonyeza Iringa, Makete haikuwemo. Nikabonyeza Njombe, Makete hii hapa. Nikatuma. Yakarudi: taarifa hazifanani na cheti. Nikapiga simu, dada wa upande wa pili akanishauri nikabadilishe cheti kisome Njombe. Nikamuuliza nitabadilishaje mahali nilipozaliwa. Akaniambia mfumo hauna namna nyingine.

Mwisho wake nilikwenda kwa wakili, nikalipia hati ya kiapo, nikaapa mbele yake, mkono juu, kwamba Makete ya Iringa na Makete ya Njombe ni Makete moja. Wakili mwenyewe alikuwa mtu wa Ludewa, ambayo nayo ilihama pamoja nasi. Alipiga mhuri huku anatikisa kichwa.

Mbozi, Momba na Ileje wako hivyohivyo. Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya 2016, na wale watoto waliopewa vyeti 2013 wana vyeti vya Mbeya. Sasa ndio wanafika umri wa kujaziwa fomu. Rejista inashika jambo lilivyokuwa siku lilipotokea. Hiyo ndiyo kazi yake, na ikianza kuhama na mipaka ya mikoa itakuwa gazeti. Kwa hiyo fomu ndizo zinazopaswa kuwa na nafasi ya "mkoa kama ulivyo kwenye cheti" na nyingine ya "mkoa wa sasa". Ni mistari miwili. Kijana wangu wa dukani anaweza kuichora kwa dakika tano, na hadai posho.

Kuna na majina. Watu wa Rungwe na Kyela wana majina yenye herufi ambazo karani aliyetoka mbali hazimkai mdomoni. Ambakisye nimeliona limeandikwa Ambakisie, Ambakise, Ambakisiye, na mara moja Hambakisye, na yote yalikuwa ya mtoto mmoja: kadi ya kliniki, cheti, shule, bima. Lugano linageuka Rugano. Ipyana linageuka Ipiana. Kwa mwenye jina yote ni yeye, anaitika. Kwa mfumo ni watu wanne, na wanaanza kugombea haki moja. Herufi inayokosewa siku ya kwanza haina gharama yoyote kuifuta. Ikishapita shule ya msingi, mtihani wa taifa na namba ya NIDA, inakuwa ni kiapo, barua, picha, nauli na "njoo wiki ijayo". Na hiyo namba ya NIDA yenye tarakimu ishirini, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukikosea tarehe, kosa linakuwa sehemu ya jina lako la pili.

Hapo ndipo linapoingia neno kuhakiki, ambalo watu wanalipenda sana kwa sababu lina haki ndani yake. Mzazi akiambiwa cheti cha mwanawe kimehakikiwa anaondoka akiamini kila kilichomo ni sahihi. Kumbe kilichofanyika ni kulinganisha cheti na rejista kuona kama vinafanana. Rejista ikiwa imeandika Ambakise, na cheti kikasema Ambakise, kimehakikiwa vizuri kabisa, na mtoto bado si Ambakise.

Upande wa ardhi niliacha kusema mengi kwa sababu baba mkwe wangu ana kesi ya mpaka, nisije nikaonekana nampigia debe. Niseme moja tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeweka masijala ya ardhi kijijini, na huko Mbozi ni miongoni mwa walioanza mapema kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Watu husema "shamba langu limepimwa" wakimaanisha wamemaliza. Kupimwa ni vijana kupita na kifaa na kuandika alama za mipaka. Hati ni nyingine, na kuingizwa kwenye masijala ni nyingine. Shamba lililopimwa tu bado linategemea mashahidi, na mashahidi wanazeeka.

Na wakati mko kwenye hilo, mtusaidie jambo dogo: kwa nini anayesajili vyama vya siasa ni Msajili, na anayesajili vyama vya ushirika ni Mrajis? Wakulima wa kahawa hunijia wakitaka barua "kwa Msajili", nikiwarekebisha wanahisi najidai. Sina ugomvi na Mrajis, jina ni zuri na la zamani. Nauliza tu kama kuna tofauti ya kazi, maana kama ipo, tungependa kuijua, na kama haipo, basi mjue mnatuchosha.

Ninachoomba kikubwa ni kimoja, vingine mtaviona wenyewe.

Kila ofisi inayomwandika mtu, popote, impe karatasi yenye sentensi mbili. Ya kwanza iseme ameingia kwenye kitabu gani. Ya pili iseme bado hajawa nini, na aende wapi. Nesi wa 2011 angekuwa na karatasi ya namna hii, chini ya tangazo la kizazi, kwa herufi kubwa: MTOTO WAKO AMEANDIKWA KWENYE KITABU CHA KITUO. BADO HAJASAJILIWA NA SERIKALI. PELEKA KARATASI HII KWA MSAJILI WA WILAYA KABLA YA MIEZI MITATU. Yule mama anasoma. Alinisomea tangazo lake lote kwa sauti, pamoja na namba ya fomu. Hakuna mahali lilipomwambia hivyo kwa maneno ambayo hayampotezi. Vivyo hivyo kwa kijana wa Kyela: UMECHAGULIWA. HUJAWA MWANAFUNZI. CHAGUA CHUO KIMOJA NA UTUME NAMBA HII KABLA YA TAREHE FULANI, USIPOTUMA UNAPOTEZA NAFASI. Hata bando la siku moja linatosha kuupokea ujumbe huo.

Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na wanaoandika sheria wapo. Kaeni meza moja, mgawe maneno: kuandika liwe la kitabu cha ndani cha ofisi, kuorodhesha liwe la orodha ya muda, kuandikisha liwe la mtu kuomba aingizwe, kusajili libaki kwa rejista yenye nguvu ya kisheria na mtunzaji wake. Mkiona mgawanyo wangu una kasoro, fanyeni wenu. Mimi nitafuata wowote, ilimradi gari la matangazo nalo liufuate. Na kabla ya mhuri kupigwa, mzazi apewe karatasi alisome jina la mtoto herufi kwa herufi, na kama hasomi, asomewe, si kuulizwa tu "jina nani?" huku karani ameinama.

Kwa sasa nimebandika ukutani pangu karatasi yenye zile ngazi sita za chuo, na chini yake ngazi tatu za mtoto: tangazo, rejista, cheti. Wiki iliyopita mtendaji mmoja aliyekuja kutoa kopi aliisoma yote, akarudia mstari wa pili, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia kwa wateja. Akaomba nakala mbili, akalipa.

Mama wa Isongole yuko kwenye faili langu la bluu. Tumeshapata barua ya kata, kadi ya kliniki ya mtoto iliyopona na panya, na karatasi ya kumaliza shule ya msingi. Kimebaki kitambulisho cha baba, ambaye yuko Chunya machimboni na simu yake haipatikani. Alhamisi mama atapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi aje aniulize tumefikia wapi, na nitamwambia tumeandika.

Wenu,
Mwenye steshenari,
Mwanjelwa, Mbeya.